Safari ya skii na gari, Lyngen mpaka Senja kaskazini mwa Norway: huduma ikoje na inafaa hela yake?

Kabla hamjaniuliza bei niseme tu, inafaa. Ni ghali, buti walizonikodisha ziliniumiza vidole, msosi wa mchana ulikua mkate na jibini siku zote, lakini kwa mtu anaejua skii (kuteleza kwenye theluji na mbao mbili miguuni) na anaetaka kuiona ile milima ya kaskazini kabisa ya Norway inayosimama kutokea baharini, ningemwambia alipie. Na siyo kwasababu ya theluji, theluji kule ipo ya bure kila kona. Kinachofaa hela ni mwongozaji, na hasa ile siku aliyotukatalia kupanda. Nafika huko.

Tangu nirudi Mwanza naulizwa sana hii kitu, kazini Nyegezi naulizwa, Kirumba mwaloni naulizwa, hata kwenye harusi, watu wameona picha nimebeba mbao mbili begani juu ya mlima mweupe alafu chini kabisa bahari, wanasema ni Kilimanjaro ya wapi hiyo yenye bahari. Nilikua Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norway, kwa masomo ya uvuvi, chuo kikuu cha kule kimebobea mambo ya samaki, na hii safari niliichomeka mwishoni kabla ya kurudi nyumbani, mwezi wa nne, mimi na wenzangu wa chuo pamoja na wageni wengine ambao tulikutana nao palepale. Jina la kampuni siliweki kwasababu nina malalamiko yangu humu ndani na ninachotaka ni huduma ieleweke, siyo kumchafua mtu.

Unacholipia ni hivi: gari la abiria wachache, dereva, mwongozaji mmoja wa mlimani, malazi kwenye nyumba za mbao kando ya maji, chakula cha asubuhi na cha usiku, na kila siku mlima mmoja. Hamna lifti wala kamba ya kukuvuta. Unapanda kwa nguvu zako ukiwa umevaa skii miguuni, unashuka nazo, mnapakia mnahamia pwani nyingine. Sisi tulianzia Tromsø, tukavuka kwenda rasi ya Lyngen, tukazunguka mpaka kisiwa cha Senja.

Jambo la kwanza linalomchanganya mtu wa kwetu ni urefu wa milima yenyewe. Mlima mrefu kuliko yote Lyngen unaitwa Jiehkkevárri, una mita 1,834. Sasa kumbuka Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, yaani ukiwa umekaa Capripoint, pale Mwanza kando ya ziwa, unakula samaki wako tayari uko juu kuliko vilele vingi vya Senja ambavyo watu wanapanda ndege kwenda kuviona. Segla, ule mlima maarufu kwenye kila picha ya Senja, una mita 639 tu. Kwahiyo siyo urefu unaoleta theluji kule, ni kule kuwa kaskazini, Tromsø iko kwenye nyuzi 69 na nusu na zaidi kaskazini wakati Mwanza tuko nyuzi 2 na nusu kusini ya ikweta. Mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Lakini bahari haigandi, kuna mkondo wa maji ya vuguvugu unaotokea Atlantiki unapita pale pwani, ndo maana unapata kitu ambacho Alps za Uswisi hawana, unaanza kupanda hatua chache kutoka kwenye maji ya chumvi na unashuka unaishia ufukweni. Na kwasababu unaanzia sifuri, mlima wa mita 1,200 unaupanda wote 1,200, hamna gari la kukusogeza juu kidogo.

Nieleze kupanda kwenyewe maana hapo ndo kila mtu ananishangaa, mbao inateleza sasa inapandaje. Chini ya mbao unabandika kitu wanaita ngozi. Zamani ilikua ngozi ya sili kweli, sa hivi ni nailoni au mohea au mchanganyiko, upande mmoja una gundi unashika mbao, upande wa pili una vinyweleo vilivyolala kuelekea nyuma. Ukisukuma mguu mbele vinateleza, mbao ikitaka kurudi vinasimama vinang'ang'ania theluji. Buti nayo imeshikwa kwenye vidole tu kwa pini mbili, kisigino kinanyanyuka huru kila hatua, huo mfumo wa pini aliubuni Muaustria mmoja anaitwa Fritz Barthel miaka ya 1980 akitafuta kupunguza uzito, na mpaka leo ndo karibu kila mtu anatumia. Mlima ukizidi kusimama kuna kidude cha nyuma unakikunjua kinainua kisigino ili msuli wa nyuma ya mguu usivutike sana. Huendi moja kwa moja juu, unakata mshazari, ukifika mwisho unageuza mguu mmoja mzima uangalie ulikotoka alafu unauvuta wa pili, hiyo kona mwanzoni ni mateso lakini ukishaijua unaweza kupanda masaa bila kusimama. Mguu haunyanyuliwi, unaburuzwa tu. Mwongozaji wetu alitukanya siku ya kwanza yote, buruza, buruza, anaenyanyua anachoka kabla ya mchana.

Juu kileleni unabandua ngozi, unazikunja gundi kwa gundi, unazitia ndani ya koti kifuani zisipoe, unafunga kisigino, unakaza buti, unashuka. Kupanda masaa manne hivi, kushuka ukijumlisha na vituo vya kusubiriana haifiki saa moja.

Vifaa sasa. Mbao zenyewe nzuri, nyepesi, pana kiasi, chini zimenolewa na kupakwa nta, sina neno. Bikoni (kifaa cha kumtafutia mtu aliefukiwa na theluji), beleshi na fimbo ya kuchomea theluji vyote vipya kabisa, hapo wanastahili sifa na nitaeleza kwanini ni muhimu. Helmeti safi. Buti ndo zilikua tatizo. Ofisini walinipimisha dakika chache tu nikiwa na soksi nyepesi, jamaa akabonyeza akasema ziko sawa, haraka haraka maana foleni ilikua ndefu, na kufika siku ya pili vidole gumba vyote viwili vilikua vimevimba. Buti ya skii ya kupandia lazima itembee ofisini angalau robo saa na soksi ile ile utakayovaa mlimani, upande ngazi nayo, uiname mbele, na mtu wa kampuni akae na wewe muda huo. Kwa hela wanayochukua hilo ni jukumu lao, siyo la mteja ambae wengi wanavaa kwa mara ya kwanza. Alafu ngozi za dada mmoja kwenye kundi letu gundi ilikua imechoka, kwenye baridi ya juu zikaanza kubanduka nyuma theluji inaingia katikati, na theluji ikishaingia pale gundi haishiki tena. Mwongozaji akazifunga na tepu, akampa dada ngozi za akiba alizobeba yeye mwenyewe kwenye begi, safari ikaendelea. Jioni wakaleta nyingine. Hapo utaona tofauti, ofisi ilizembea, mtu wa mlimani akafidia.

Sasa usalama, na hapa naomba msome polepole hata kama hamtaki kwenda.

Kila asubuhi kabla ya hatua ya kwanza mnapita mbele ya mwongozaji mmoja mmoja, yeye anashika bikoni yake inapokea, yako inatuma, ikilia unapita. Hicho ni kifaa unakifunga kifuani ndani ya koti, kinatuma mawimbi ya kilohezi 457, zote duniani ni masafa hayo hayo kwahiyo yangu inaisikia ya Mjapani na ya Mfaransa. Poromoko la theluji likikufukia wenzako wanageuza zao kutoka kutuma kwenda kutafuta, wanafuata namba zinazopungua, wakifika karibu wanashusha kifaa mpaka usawa wa theluji, pale namba ilipo ndogo kabisa wanaanza kuchoma kwa ile fimbo ndefu inayokunjuka, ikigusa mtu haichomolewi, wanaiacha hapo hapo wanachimba kutokea upande wa chini wa mteremko. Dakika 10 mpaka 15 za mwanzo ndo uhai wenyewe, baada ya hapo nafasi inaporomoka vibaya, na helikopta hata ikiruka sasa hivi haiwezi kukuwahi. Anaekuokoa ni uliepanda nae. Ndo maana mwongozaji wetu hakukubali mtu hata mmoja awe amejua nusu nusu, tulifukia begi lenye bikoni nyuma ya nyumba tuliyolala, kila mtu akalitafuta, akalichimba, tukarudia mpaka yule aliekua anachelewa sana nae akawa anakwenda moja kwa moja.

Asubuhi hiyo hiyo wakati wa chai anafungua utabiri. Mamlaka ya maji na nishati ya Norway, NVE, inatoa utabiri wa maporomoko kila siku kwenye huduma yao inaitwa Varsom, ngazi 1 mpaka 5, na siyo namba tu, wanaeleza ni theluji gani ya hatari, iko upande gani wa mlima, kuanzia urefu gani. Watu wanadhani ngazi ya 5 ndo inaua, kumbe ya 5 wote wamejifungia ndani, hatari ni ile ya katikati ambayo watu bado wanatoka. Mteremko wa nyuzi 30 kwenda juu ndo unaoweza kukatika bamba zima, chini ya hapo ni nadra kukatikia pale ulipo, japo ukipita chini ya mteremko mkali linaweza kukufuata. Alituonyesha kupima nyuzi kwa fimbo za mkononi na kwa simu, na siku moja akachimba shimo akatukatia ukuta wa theluji tuone tabaka, juu bamba gumu, chini yake chembe kavu zisizoshikana hata kidogo. Ukiona kwa macho yako kwamba mlima mzima umelalia kitu kama kile unanyamaza mwenyewe.

Siku yenyewe ilikua Senja. Usiku upepo ulivuma mpaka nyumba ikawa inalia, asubuhi kukatulia, jua, anga bluu, siku ya picha kabisa. Tukaanza kupanda. Upepo kazi yake ni kuhamisha theluji, unaitoa upande unaopigwa unaenda kuirundika upande wa kujificha, na ule mlundikano unakua bamba ambalo halijashikana na la chini. Tumefika juu ya miti, kilele tunakiona, ghafla chini ya miguu kukasikika mlio mzito, unauhisi tumboni kuliko masikioni, na ufa ukakimbia kutoka kwenye ncha ya skii ya mwongozaji. Ile ni tabaka la chini limeanguka. Akasimama. Akatwambia tusisogee, tusikaribiane, akaangalia juu kidogo, akasema tunarudi, kwa njia ile ile tuliyopandia, mmoja mmoja.

Mmoja wetu alilalamika, mtu mzima tu, akasema amelipa hela nyingi, ametoka mbali, kilele si kile pale. Mwongozaji hakugombana nae wala hakujieleza sana, alirudia tu kwamba leo hapa hatupandi, akageuza. Tulipofika kwenye miti akachagua mteremko mwingine laini, chini ya nyuzi 30, theluji ya unga, tukapanda na kushuka pale mchana mzima na kiukweli nilifurahi. Yule mgeni jioni alitaka arudishiwe hela ya siku ile, kampuni ikakataa, na mi niko upande wa kampuni kabisa. Siku ile ndo walifanya kazi yao kuliko siku nyingine zote.

Nimekulia Mwanza. Igoma kuna makaburi ya watu wa MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria Mei 21, 1996, nimepita pale tangu niko mdogo. Mtu anaetoka kwenye mji wenye makaburi yale anajua uzito wa mtu wa mbele anaeweza kusema leo hatuendi wakati abiria wameshalipa na wamekasirika. Hiyo ndo bidhaa. Ndo maana nikisikia mtu anasifia kampuni ya milima au ya boti kwa kusema hawajawahi kuahirisha hata mara moja, mi napata wasiwasi.

Kuhusu sifa za hao waongozaji, uliza beji ya IFMGA, shirikisho la kimataifa la vyama vya waongozaji wa milima, mtu anaisomea na kufanyishwa mitihani kwa miaka ndo anapewa, skii, miamba na barafu vyote. Wetu alikua nayo. Kuna kampuni zinaweka vijana wanaojua skii vizuri sana ila hawana beji, bei inapungua, na kuskii vizuri siyo sawa na kujua mlima unafikiria nini.

Siku nzuri kuliko zote kwangu ni Storgalten, upande wa kaskazini wa rasi ya Lyngen, mita 1,219. Piga hesabu, kilele kizima kinazidi maji ya ziwa letu kwa mita 85 tu, na nilihema mpaka basi. Unapanda bega refu la mlima, kila ukigeuka fiodi, ule mkono wa bahari ulioingia katikati ya milima, inapanuka nyuma yako, upande mmoja visiwa, upande mwingine safu ya vilele vikali vyenye barafu ya kudumu. Mwaka 1898 na 1899 mwanamke mmoja kutoka Uingereza, Elizabeth Main, alikuja huku na mwongozaji wake Mswisi Joseph Imboden wakapanda vilele kadhaa vya Lyngen ambavyo hakuna rekodi ya mtu kuvifikia kabla yao, na zama zile mwanamke kupanda mlima tu ilikua maneno. Mwongozaji alitusimulia tukiwa tunakunja ngozi, dada zetu kwenye kundi walipenda sana. Kushuka theluji ilikua imelainika juu kidogo na jua, chini ngumu, mbao zinashika vizuri, tulishuka tukipishana mmoja mmoja mpaka tukafika karibu kabisa na maji. Sijui niseme nini zaidi, nilikua nacheka peke yangu.

Barabara nayo ni nusu ya safari kwahiyo niiseme. Kutoka Tromsø unapita barabara ya E8, unakata kwenda Breivikeidet, hapo kuna pantoni mpaka Svensby, kama dakika 20 na kitu, alafu Lyngseidet. Baadae tulishuka kusini Oteren, Nordkjosbotn, tukashika E6, tukakata kwenda Finnsnes na kuvuka daraja la Gisund kuingia Senja, daraja lile lipo tangu 1972 na linazidi kilomita 1. Sisi tuliopanga foleni za Kigongo na Busisi miaka yote mpaka daraja la JPM lilipofunguliwa Juni 2025 tunajua maana ya kuhesabu pantoni kwenye ratiba, na kule pia dereva anapanga siku yake kwa saa za pantoni, ukiikosa unakaa. Tofauti ni kwamba hamna kuhangaika na tiketi, mfumo unaisoma gari yenyewe, bili inakuja baadae, na hapo nina malalamiko ya pili: kampuni ilituletea nyongeza ya pantoni mwishoni kwenye ankara wakati kwenye tangazo waliandika usafiri wote umo. Hela haikua kubwa. Ila waandike.

Dereva mwenyewe nampa maksi zote. Wanaendesha kulia, tairi zina misumari midogo ya chuma, kule kaskazini zinaruhusiwa kuanzia Oktoba 16 mpaka Aprili 30, na taa zinawashwa muda wote hata saa sita mchana. Mwendo nje ya miji ni 80, ila kukiwa na barafu alikua anaenda 50 bila aibu. Senja kuna mahandaki membamba ya njia moja, giza, ya kupishana kwenye vijisehemu, usiende mwenyewe na gari la kukodi kama hujawahi kuendesha kwenye barafu. Nasema hivi maana kuna jamaa zangu wameshaanza kupiga hesabu wakodi gari wao wenyewe waokoe hela. Kuna siku nyingine barabara za milimani zinafungwa na magari yanapitishwa kwa msafara nyuma ya gari la kusukuma theluji, unasubiri getini mpaka likusanye watu. Na wale wanyama wa kule wenye mapembe, reinidia, wanafugwa na Wasami, wenyeji wa asili wa kule, wanatembea barabarani wanavyotaka, dereva anasimama anawasubiri.

Mi mtu wa samaki kwahiyo lazima niseme hii. Kwenye vijiji vya wavuvi njiani utakuta chanja kubwa za miti zimesimama kama paa la nyumba isiyo na ukuta, zimejaa chewa wa kule (cod) waliokatwa vichwa wamefungwa wawili wawili mikiani. Hamna chumvi, hamna moshi. Wanatundikwa kuanzia kama Februari mpaka Mei, baridi haigandishi sana na nzi hawajaamka, upepo unamaliza kazi. Chewa mwenyewe anatoka bahari ya Barents anakuja pwani kuzaliana miezi hiyo ya baridi. Vichwa navyo vinakaushwa, vinauzwa sana Nigeria. Niliomba gari lisimame, ratiba ilikua haina kituo pale, dereva akasimama na akatupa muda mrefu tu nikaongea na mzee mmoja wa chanja. Nilikua nawaza dagaa wetu wanaoanikwa mchangani, mvua ya siku mbili tu mzigo umeoza, na chanja tunazijua, zinafundishwa, hata hapa Nyegezi tunazisema kila siku. Kampuni ziweke vituo kama hivi kwenye ratiba, wageni wote walishuka na wote walipiga picha, siyo mimi tu.

Chakula cha usiku kilikua kizuri, hasa siku waliyotupikia chewa aliechemshwa na ini lake na mayai yake, chakula cha msimu cha kule, kizito, kinashibisha mtu aliepanda mlima. Mi nilikua na pilipili ya unga nikaizungusha meza nzima. Malazi safi, joto, chumba cha mvuke cha kukaa jioni kulainisha miguu. Mchana ndo hivyo, mkate, jibini, chokoleti, unajitengenezea asubuhi mwenyewe, hawakusema mapema kwamba ndo itakua hivyo, mtu ambae hali mkate aende amejipanga.

Nani aende. Kama hujawahi kuvaa skii usiende, wala wasikudanganye. Ujue kwanza kugeuka na kusimama kwenye theluji yoyote. Mi nilijifunzia Kroken, kile kilima chenye lifti pale Tromsø, jioni baada ya vipindi, majira yote ya baridi nilikua naanguka pale na watoto wa miaka minne wananipita, na hata hivyo kwenye Lyngen nilikua wa mwisho mwisho. Ukiwa Mwanza unaweza kuandaa miguu na pumzi, hilo tunalo kuliko watu wengi, panda Bugando, panda ngazi za kwenye mawe Mabatini mpaka juu na begi lenye kilo kadhaa, shuka polepole maana kushuka ndo kunakaza mapaja. Nguo usinunue dukani kwa bei za kule, nenda Mlango Mmoja kwenye mitumba, utapata sweta za sufu za kuvaa ndani na makoti ya skii mazuri kabisa ambayo watu hapa hawayataki kwasababu ya joto. Pamba usivae ndani, ikilowa jasho haikauki na baridi inakuingia. Glavu pea mbili. Miwani ya jua ni lazima siyo urembo, theluji ya Aprili inachoma macho.

Bima: kwa viza ya Schengen wanataka bima ya angalau yuro 30,000, ila soma ndani kama inakubali skii nje ya njia zilizoandaliwa, nyingi za bei rahisi zinaikataa, na bili ya hospitali ndo itakuumiza. Na kama unaenda kwa ajili ya ile mianga ya kijani ya usiku, mwezi wa nne umechelewa, katikati ya Aprili jua linazama baada ya saa mbili na nusu usiku na giza lenyewe haliivi, na kuanzia kama Mei 20 halizami kabisa. Nenda mwanzo wa Machi ukitaka vyote viwili, ila ujue baridi ni kali zaidi na theluji bado haijatulia. Kwa skii peke yake nusu ya pili ya Aprili ndo raha.

Kabla hujatuma hela waulize haya kwa maandishi: mwongozaji ana beji gani, wageni wangapi kwa mwongozaji mmoja (wakizidi sita mi siendi), pantoni zimo, chakula cha mchana ni nini, buti wanakupimisha lini na kama zikikataa wanakubadilishia mlimani au mpaka mrudi mjini. Mi hilo la buti ndo ningelikomalia, na nikirudi tena naenda siku mbili kabla kundi halijaanza ili nizipime bila foleni.